Kaa Kidogo, Wembe

"Tia vizuri, na haraka, sina siku nzima!"

Maneno hayo yalisemwa sokoni Pedreira saa saba mchana, mbele ya meza ya mama mkaanga samaki, watu wamebanana viwiko kwa mbavu. Aliyeyasema alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, gauni la kijani lisilo mikono, ndala, nywele mbichi zimebanwa utosini kwa kalamu, macho mekundu ya mtu aliyemaliza zamu ya usiku na bado hajaenda kitandani. Alikuwa anamhimiza muuzaji amwongezee unga wa muhogo juu ya bakuli lake la uji wa matunda ya açaí. Hakuna aliyemjali, maana mezani pale kila mtu alikuwa na njaa na kila mtu alikuwa na haraka zake.

Isipokuwa Edivan. Edivan alikuwa amesimama nyuma yake, koti la mvua linachuruzika, sanduku la kupelekea vyakula mgongoni, anasubiri oda ya mteja. Aliposikia sauti ile nywele zilimsimama, na kabla hajafikiri akapayuka:

"Wewe! Wewe ndiye uliyeniibia Jumanne!"

Sijui kwenu, lakini kwetu Belém neno hilo halirushwi sokoni ovyo. Mazungumzo yalikatika meza nzima. Mkata samaki akaja na kisu chake bado kina magamba. Wanaume wawili waliokuwa wanakunywa bia wakasimama, wakamzingira yule mwanamke kushoto na kulia.

"Kakuibia nini, kaka?" aliuliza mkata samaki.

"Kaniibia..." Edivan akameza mate. Ndipo akili ikamrudia. "Kaniibia sufuria."

"Sufuria?"

"Sufuria la tacacá. Na vibuyu vya kunywea. Lakini si hapa. Yaani, si kweli. Ni kweli, lakini si hivi."

Yule mwanamke, ambaye uso ulikuwa umekwisha kumparama kwa hofu, akamgeukia polepole. Akamtazama viatu, sanduku, kidevu kisichonyolewa. Kisha akafunika mdomo.

"Mzee Belmiro?"

"Ndiyo mimi."

"Mzee Belmiro wa kikohozi? Mbona kijana hivi! Mimi nilijua una miaka themanini na bawasiri!"

"Na mimi nilijua Wembe ana futi sita na kovu la shavu."

Akacheka mpaka kalamu ikamdondoka nywelini. Mkata samaki akawaangalia wote wawili, akasonya. "Kumbe wanajuana. Nendeni mkagombane kwenu, mnanizuilia wateja."

Jina lake lilikuwa Jaciara. Alimwambia Edivan aokote kalamu, kwa kuwa yeye ndiye aliyesababisha ianguke, na wakati anaiokota oda yake ikatoka, simu ikaanza kulia kumhimiza, akaondoka mbio bila hata kuomba namba. Alirudi baada ya dakika kumi, kalowa, akamkuta bado yupo.

"Nilijua utarudi," alisema Jaciara. "Belmiro hamwachi mtu aondoke bila kumwuliza mama yake hajambo."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Andika namba."

Mji walikofahamiana unaitwa Remanso, na haupo kwenye ramani yoyote. Uko ndani ya kompyuta. Watu kama mia mbili, wengi wetu wa huku kaskazini mwa Brazili, tunaingia humo baada ya kazi, kila mtu na mwili wake wa kuchora na sauti yake ya kweli, tunaishi maisha ambayo Mungu alisahau kutupa. Kuna polisi, mafundi, mapadri, wahuni. Mwenye mji ni bibi Ivonete, mwalimu mstaafu wa Santarém, ambaye bado anatusemesha kama tuko darasa la tatu. Sheria yake kubwa ni moja: ukielekezewa bunduki, ogopa. Anayedharau bunduki hufa kabisa, mhusika wake hafufuki tena, na mwenyewe akitaka kurudi sharti azaliwe upya na jina lingine.

Na mji wetu, kama miji yote ya namna hiyo, una makabila mawili yasiyoelewana. Wapo wanaotaka mambo yatokee: magari yakimbizane, benki ivunjwe, mtu atekwe. Hao wanaitwa moto. Na wapo wanaotaka kukaa tu: kufungua duka, kufagia, kuuliza habari za mvua. Hao wanaitwa kobe. Moto wanasema kobe ni maiti zinazolipa bili ya umeme. Kobe wanasema moto hawakulelewa. Bibi Ivonete amewapatanisha mpaka amechoka.

Edivan alikuwa kobe wa makobe. Mzee Belmiro wake alikuwa na kibanda pembeni mwa uwanja wa Remanso, akiuza tacacá, ile supu ya moto ya muhogo na uduvi, na kukuhudumia kibuyu kimoja kulimchukua nusu saa. Kwanza achochee, kisha akohoe, kisha akwambie uduvi wa leo si kama wa zamani. Jaciara alikuwa Wembe, mkono wa kuume wa genge la Rubenilson, na hakuna mtu mjini aliyepata kumwona ameketi.

Sasa hebu niambieni watu wa aina hiyo wanapendanaje. Lakini walipendana. Walikuwa wanakutana baada ya mvua, kama kila mtu wa Belém anayeweka miadi, kwenye kibaraza cha nyumba ndogo aliyopanga Jaciara kule Marambaia. Edivan alikuja amenyoa, shati la bluu limepigwa pasi, ananukia sabuni, na miguu imevimba ndani ya viatu. Jaciara alimpokea na gauni lake la kijani au lile la manjano lenye vifungo vikubwa, na mara nyingi walikuwa wamechoka kiasi cha kushindwa hata kubusiana vizuri. Walibaki wameegemeana tu, wakitaniana.

"Kobe wangu, umekimbia sana leo?"

"Oda thelathini na moja. Mmoja kaniambia supu imepoa, akanifungia mlango. Mwingine kaniuliza kwa nini nimelowa."

"Ungemjibu nini?"

"Nilimwambia samahani. Wewe je, Wembe wangu?"

"Nimekaa," alisema Jaciara. "Nimekaa masaa kumi na mawili."

Hakusema zaidi, na Edivan hakuuliza zaidi. Alijua tu kwamba anafanya kazi kwenye kituo cha simu za dharura, wale wanaopigiwa mtu akianguka, akiungua, akijifungulia njiani. Alidhani kazi ya kukaa kwenye kiti na kiyoyozi ni kazi laini. Hilo lilikuwa kosa lake, na lake Jaciara lilikuwa kudhani mtu anayezunguka mji mzima kwa pikipiki ni mtu huru.

Simu zao ndizo zilikuwa utamu wenyewe. Edivan anapiga akisubiri kwenye taa nyekundu, Jaciara anapokea chooni kazini.

"Jaci, jana mmevunja benki tena?"

"Tena na tena, baba. Tumewakimbiza polisi mpaka bandarini. Wewe umefanya nini?"

"Nimemenya muhogo."

"Saa ngapi?"

"Jioni nzima."

"Mungu wangu, Edivan! Muhogo wenyewe haupo!"

"Benki nayo ipo?"

Akacheka, Edivan akacheka, taa ikawaka kijani, wakampigia honi nyuma. Ila kila kicheko kilikuwa kinaacha chembe ya kitu. Edivan alikuwa na ombi moja, na alikuwa analirudia kwa mzaha kwa sababu kwa kweli lilikuwa linamwuma: Wembe aje kibandani, aketi kwenye kigoda, anywe kibuyu kimoja mpaka kiishe. Hajawahi. Akifika anapiga mafunda mawili, simu ya genge inaita, anatimua mbio. "Kaa kidogo, Wembe," mzee Belmiro humwambia kila mara, na kila mara anabaki analiambia vumbi la gari.

Ikakaribia siku ya kutimiza miaka mitatu tangu mzee Belmiro afungue kibanda. Edivan akaandaa sherehe, Jumapili adhuhuri, hakupanda pikipiki siku hiyo nzima. Akawaalika kobe wote, na padri wa mji, na bibi Ivonete mwenyewe.

"Na wewe," alimwambia Jaciara kwenye simu. "Uje nikuhudumie wa kwanza. Ukae."

"Nitakuja."

"Ukae, Jaci."

"Nimesikia, mpenzi. Nitakuletea na zawadi."

Zawadi yenyewe ndiyo iliyoharibu. Lazima mwelewe kwamba genge la Rubenilson lina desturi yake: mwenzao akiwa na sikukuu, wanamteka. Wanamfunga kitambaa machoni, wanamtia kwenye buti la gari, polisi wanafuatilia, risasi zinalia, na mwisho anashushwa ufukweni kwenye keki. Mtu asipotekwa siku yake ya kuzaliwa analia kwamba hapendwi. Jaciara alitekwa alipotimiza thelathini na alilia machozi ya kweli kwa furaha. Kwa hiyo alipofikiria ampe nini mwanaume anayempenda, alifikiria kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kupewa yeye. Alizungumza na Rubenilson, fundi wa viyoyozi wa Ananindeua mwenye sauti nene na moyo wa mtoto, wakapanga magari matatu.

"Mzee wa supu atafurahi kweli?" Rubenilson aliuliza.

"Sherehe yake itazungumzwa mwaka mzima," alisema Jaciara. "Maskini, hakuna kinachomtokea yule mtu."

Basi Jumapili ikafika. Uwanja wa Remanso ulikuwa umepambwa kwa vitambaa vya rangi, watu arobaini wamekaa kwenye vigoda, padri amekwisha kubariki sufuria. Kigoda kimoja karibu na kibanda kilikuwa kitupu. Belmiro aliinua upawa, akakohoa, akasema, "Tumngoje kidogo. Yuko njiani." Magari matatu yakaingia uwanjani yakiyumba, vigoda vikaruka, vinyago, bunduki.

"Mikono juu! Wote! Mzee, wewe unakuja na sisi!"

Watu arobaini wakanyanyua mikono. Mzee Belmiro akachota supu, akaimimina kibuyuni.

"Mzee! Mikono!" alifoka Rubenilson.

"Karibu, mwanangu. Kaeni. Bado ya moto."

"Edi," Jaciara alinong'ona ndani ya kinyago, nje ya uhusika, jambo ambalo ni mwiko. "Nyanyua mikono. Ni mchezo. Nyanyua tu."

Belmiro akageuka, akamwekea kibuyu mbele ya kile kigoda kitupu. Hakunyanyua. Rubenilson alingoja, akangoja, na mtu wa moto akishatoa bunduki mbele ya mji mzima hajui njia nyingine ya kutoka. Akafyatua.

Bibi Ivonete akasimamisha kila kitu. Akauliza kwa sauti yake ya darasani, "Wembe, wewe ulikuwa karibu naye kuliko wote. Alionyesha woga?"

Neno moja la uongo lingetosha kumwokoa mzee. Lakini kazi ya Jaciara kila siku ni kusikia na kusema alichosikia bila kuongeza wala kupunguza, na mazoea ni kitu kibaya.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Hakuonyesha."

Mzee Belmiro akafa hapo, moja kwa moja, na kibanda kikaondolewa uwanjani kama sheria inavyotaka. Jaciara alipiga simu saa ile ile. Iliita sana ndipo Edivan akapokea.

"Edi, mpenzi, ilikuwa zawadi. Sisi ndivyo tunavyofanyiana. Mimi mwenyewe nilifanyiwa."

"Zawadi."

"Nilitaka upate siku ya kukumbuka."

"Nitaikumbuka."

"Usinijibu hivyo. Ungenyanyua mikono sekunde moja tu, asingekufa! Kiburi gani kile?"

Jaciara alisikia feni inazunguka chumbani kwa Edivan. Edivan alipozungumza hakupaza sauti, na hilo lilimtisha zaidi.

"Siku nzima nanyanyua mikono, Jaciara. Supu imepoa, samahani. Umechelewa, samahani. Walinzi wa magorofa wananipitisha mlango wa takataka, nasema asante. Pale kibandani ndipo mahali pekee duniani nilipokuwa sinyanyui. Nilikuomba nini? Almasi? Nilikuomba ukae."

"Na mimi hujawahi kuniuliza kwa nini sikai!"

"Basi kwa nini?"

Lakini Jaciara alikuwa analia tayari, na alikuwa na zamu saa moja jioni, na alikuwa hajalala. Akakata simu. Edivan hakupiga, yeye hakupiga. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake apumzike kwanza.

Wiki zikapita hivyo. Moto walikwenda kuvunja benki bila Wembe. Kobe walikaa uwanjani wakitazama pengo la kibanda na kulaumiana na moto mpaka bibi Ivonete akatishia kuufunga mji. Edivan aliendesha pikipiki. Mvua, oda, mlango, samahani. Jioni alikaa mbele ya kompyuta aliyoizima.

Alasiri moja, barabara kubwa imejaa maji, kijana aliyekuwa mbele yake na sanduku kama lake akateleza, akaburutwa, pikipiki ikamwangukia. Edivan akatupa yake pembeni, akakimbia. Paja la yule kijana lilikuwa limechanika na damu ilikuwa inatoka kwa kuruka. Watu wakaanza kukusanyika na kupiga picha. Edivan akabana simu begani, akapiga namba ya dharura.

"Huduma ya dharura. Nieleze, bwana, nini kimetokea?"

Alikuwa Jaciara. Edivan akaibana simu zaidi sikioni.

"Bwana? Nakusikia unapumua. Sema."

"Ajali. Pikipiki. Paja limechanika. Damu ni nyingi, nyingi, anakuwa mweupe..."

Upande wa pili Jaciara aliacha kuandika. Naye alikuwa ameitambua sauti. Simu zile zinarekodiwa, na mtu wa kazi ile hana ruhusa ya kuwa na mpenzi akiwa kazini.

"Damu ni yako au ya mwenzio?" aliuliza, na hapo tu sauti ikamtetema.

"Ya mwenzangu. Mimi mzima."

"Sawa." Akavuta pumzi. "Sawa, bwana. Vua shati. Likunje. Weka juu ya jeraha, kandamiza kwa mikono miwili, kwa uzito wako wote. Umefanya?"

"Nimefanya."

"Vizuri. Sasa usiutoe mkono. Hata ukichoka. Anaitwa nani?"

"Sijui."

"Muulize. Taratibu."

Aliitwa Wesley. Jaciara akamwongoza Edivan amwulize Wesley anatoka wapi, amekula nini, mama yake anaitwaje. Hakuharakisha neno hata moja. Watu walipiga kelele, honi zililia, Wesley akaanza kufumba macho, na ile sauti ikaendelea vile vile, polepole, kana kwamba ina siku nzima. "Nipo. Siendi popote. Kandamiza. Gari limetoka, liko njiani. Muulize tena mama yake anaitwaje." Edivan alikandamiza, mvua inampiga mgongo mtupu, na simu yake ikawa inalia sikioni kumhimiza oda iliyochelewa, kila nusu dakika, bila haya. Jaciara aliisikia pia. Aliusikia mlio wote.

"Hiyo nini inayolia?" aliuliza.

"Kazi."

"Huwa inalia hivyo siku nzima?"

"Siku nzima."

Ving'ora vikasikika. "Wamefika, bwana? Haya. Umefanya vizuri sana. Asante." Simu ikakatika, kwa sababu mwingine alikuwa anangoja kwenye foleni, na mwingine nyuma yake.

Edivan alibaki amesimama katikati ya barabara, mikono myekundu. Ndipo akaelewa: mke wa mtu hapumui, mtoto kaanguka kisimani, na huyu mwanamke amefungwa kwa waya kwenye kiti, masaa kumi na mawili, hana ruhusa ya kuinuka akamkimbilie hata mmoja. Ndiyo maana akifika Remanso anakimbia. Edivan alijiona mjinga, akalia palepale bila kujificha, na walinzi wa jengo la karibu wakadhani Wesley ni ndugu yake.

Usiku huo alimtumia ujumbe wa sauti. "Wesley ameshonwa. Mama yake anaitwa Raimunda. Nimejua sasa kwa nini hukai. Lala, Jaci."

Jaciara alipiga kesho yake, toka chooni kazini.

"Jumapili una nafasi?"

"Nitaipata."

"Nataka kumzika mzee Belmiro. Kwa utaratibu wenu. Msiba wa kobe, mwanzo mpaka mwisho."

"Wewe? Masaa manne ya rozari na kahawa isiyokuwepo? Utapasuka."

"Nitakaa," alisema, na safari hii hakuna aliyefanya mzaha.

Jumapili mvua iliwahi, ikapiga mabati ya Marambaia tangu saa saba. Huko Remanso uwanja ulijaa kuliko siku ya sherehe. Wembe alikuwa amewaleta genge zima, magari yameoshwa, suti nyeusi, hakuna bunduki. Jeneza liliwekwa mahali kilipokuwa kibanda. Marehemu harudi mjini, hiyo ni sheria, kwa hiyo Edivan aliingia kama mgeni asiye na jina, akaketi nyuma kabisa.

"Sasa tunafanya nini?" Rubenilson alinong'ona.

"Hakuna," alisema Wembe. "Tunakaa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka itakapokwisha."

"Na ikiisha tutajuaje?"

"Rubenilson," bibi Ivonete alisema, "marehemu ulimwua wewe. Kaa."

Wakakaa. Padri akasali. Mwuza maua akasimulia jinsi Belmiro alivyomkopesha mwavuli akasahau kuudai. Rubenilson mwenyewe alisimama, akakohoa, akasema hajui kuongea, kisha akasema kwamba mzee alimkaribisha supu wakati yeye amemshikia bunduki, na tangu siku hiyo hakuna kinachompendeza mjini. Akaketi akivuta kamasi. Saa ya kwanza ikapita, na ya pili. Wembe alikuwa kando ya jeneza, ameketi wima, hasogei. Wote walisubiri azungumze.

Badala yake kikasikika kitu. Kwanza taratibu, kama kiti kinachoburutwa. Kisha wazi, kirefu, chenye mluzi mwishoni.

"Anakoroma," mmoja wa genge akasema.

"Wembe anakoroma?"

Kicheko kikaanza upande wa moto. Bibi Ivonete akakikata: "Atakayemwamsha huyo dada namfukuza mjini maisha." Watu arobaini na zaidi, moto na kobe, wakanyamaza wakisikiliza mwanamke anavyolala.

Edivan akaweka hedifoni mezani bila kuzima kitu. Akachukua funguo. Aliendesha pikipiki kwenye mvua polepole, na simu yake aliiacha nyumbani. Kule Marambaia dirisha la kibarazani lilikuwa wazi. Jaciara alikuwa amelalia mikono juu ya meza, gauni la manjano, hedifoni imemteleza shingoni, mdomo wazi. Edivan hakubisha hodi. Akavuta kiti cha kibarazani, akakaa.

Mvua ilikuwa imekwisha na maji yanadondoka tu kwenye bati aliposikia kiti kinagonga ukuta ndani.

"Mungu wangu!" Jaciara alikuja dirishani, shavu lina alama ya mkono wa gauni. "Edi? Umekaa hapo tangu lini?"

"Sijaangalia saa."

"Nimelala msibani kwako! Mbele ya mji mzima! Aibu gani hii, nilikuahidi nitakaa na..."

"Ulikaa. Jaci, Belmiro miaka mitatu alikuwa anatafuta mtu mmoja tu atakayekuja kupumzika pale. Umekuja wewe."

Jaciara alifuta macho kwa kiganja. Alikuwa bado amechoka, angechoka kesho, na kesho kutwa alikuwa na zamu. Edivan naye hivyo hivyo.

"Tuishi nyumba moja," alisema Edivan. "Nioe, au nikuoe, vyovyote padri atakavyoandika."

"Nitakuwa chumba cha pili napiga kelele, navunja benki."

"Mimi nitakuwa sebuleni namenya muhogo."

"Utanikera mpaka ukome."

"Najua. Na utaniibia."

"Kila Jumanne," alisema Jaciara, na akafungua mlango. "Ingia. Ngoja kwanza niwaombe radhi wale watu, kama kuna hata mmoja aliyebaki."

Akaivaa hedifoni, akainamia kioo. Walikuwepo wote. Magari yaliyooshwa, suti nyeusi, vigoda, hakuna hata mmoja aliyeondoka.

"Mbona bado mpo?" aliuliza.

"Tulikuwa tunakungoja wewe utuambie," Rubenilson alijibu kwa kunong'ona. "Imekwisha?"

Jaciara akamtazama Edivan aliyesimama nyuma yake, koti linachuruzika kwenye sakafu.

"Bado," alisema, akasogea pembeni ya kiti ili Edivan naye akae.